Panya jike naye apimwe, mgonjwa ni mama pia

Umewahi kujiuliza dawa ya usingizi au ya sonona unayoandikiwa ilianza kujaribiwa kwa nani? Kabla ya kumfikia binadamu, dawa nyingi hupitia kwa panya. Kwa miaka mingi panya hao wa tafiti za ubongo walikuwa zaidi madume. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa tafiti za ubongo zilizotumia madume pekee zilizidi za majike pekee kwa zaidi ya mara tano.

Sababu iliyotolewa ni kwamba homoni za jike hupanda na kushuka, hivyo huvuruga majibu. Hoja hiyo haina mashiko. Mwaka 2014 watafiti walipitia tafiti 293 za panya na kukuta majibu ya majike hayayumbi kuliko ya madume. Isitoshe, homoni za mama nazo hubadilika: katika hedhi, ujauzito, baada ya kujifungua na hedhi inapokoma. Hicho ndicho tunachohitaji kukielewa.

Kutozingatia jinsia kuna gharama. Zolpidem, dawa ya usingizi, iliruhusiwa Marekani mwaka 1992. Ni mwaka 2013 ndipo dozi ya kuanzia ya wanawake ilipopunguzwa kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa taratibu zaidi na wengine waliamka na kuendesha gari dawa ikiwa bado mwilini.

Faida ya kumchunguza jike nayo ipo. Tafiti za panya zilisaidia kuonyesha kuwa kemikali itokanayo na homoni ya projesteroni hutuliza ubongo. Kwa binadamu, kemikali hiyo hushuka ghafla baada ya kujifungua. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa ya sonona ya uzazi iliyotokana na ujuzi huo. Kwa hiyo mzazi anayelia bila kukoma si mvivu wala hana mapepo, apelekwe hospitali.

Panya si binadamu, na majibu yake lazima yathibitishwe kwa watu, wanawake wakiwemo. Wewe usiache dawa kwa kusoma makala haya. Muulize daktari: dozi hii inanifaa mimi mwanamke? Je, nikiwa mjamzito au ninanyonyesha? Kama binti yako anaugua kipandauso, andikeni tarehe za maumivu na za hedhi, mwende nazo kliniki. Daktari mzuri hatachukizwa na maswali hayo.