Nipeni Mji: Kitendawili cha Jiwe Linalometa



Leo nawaomba wazazi wawaite watoto karibu, jarida lisomwe kwa sauti, na msomaji asiruke mbele kutafuta jibu. Nimekuja na kitendawili kimoja tu, nacho ni cha jiwe. Baada ya kila dalili, msomaji anyamaze kidogo, wengine wabahatishe. Wakishindwa kabisa watoe mji kama ilivyo ada yetu, na mji wenyewe uwe mkubwa.

Kitendawili! Mmeitika, basi natega.

Ni jiwe la asili, halikutengenezwa na mtu. Ukiligonga kwa nyundo halivunjiki ovyo kama mawe ya kando ya njia. Hutoka vijumba vya miraba, mfano wa dadu za ludo. Ukivigonga vijumba hivyo, navyo hutoa vijumba vidogo zaidi vya umbo lile lile, mpaka jicho lichoke kuviona. Hapana seremala aliyelipimia. Ndivyo Mola alivyoliumba.

Watoto watasema chumvi. Wamejibu vizuri, kwani chembe ya chumvi nayo ina umbo la mraba. Lakini chumvi huyeyuka majini, na jiwe hili ukilitia majini leo utalikuta kesho vile vile.

Dalili ya pili ni uzito. Kipande chake kina uzito wa mara saba na nusu ya maji ya ujazo ule ule. Mtoto akiokota jiwe la kawaida kwa mkono wa kulia, na hili la ukubwa sawa kwa mkono wa kushoto, mkono wa kushoto utashuka, maana hili ni zito karibu mara tatu. Pamoja na uzito huo ni laini: sarafu ya shaba hulichuna.

Rangi yake ni ya kijivu inayometa. Atatokea wa kusema ni fedha. Si fedha, ingawa mara nyingi fedha hujificha ndani yake na wachimbaji huitoa humo. Mwingine atasema ni ile risasi iliyo ndani ya kalamu ya shule. Huyo naye tumsahihishe, kwa kuwa wazee walituachia jina la kalamu ya risasi na ndani yake hamna risasi hata chembe. Kilichomo ni grafiti, ambayo ni kaboni, ndugu wa makaa.

Dalili ya nne ni ya ajabu. Karne iliyopita, redio zilipokuwa changa, watu walikuwa wakichukua kipande cha jiwe hili, wakaligusisha kwa ncha ya waya mwembamba, wakatia kisikilizio sikioni, wakasikia sauti kutoka mbali bila betri wala umeme wa nyumba.

Je, latoka nchi za mbali? Limo hata kwetu. Liko ardhini huko Kinangoni, Kaunti ya Kilifi. Na Wamisri wa zama za Mafirauni walilichimba karibu na Bahari ya Shamu, nao walilitumia kwa kazi ile ile litumikayo nyumbani kwenu.

Nyumbani kwenu, naam. Huenda sasa hivi limo chumbani mwa mama, limesagwa likawa unga mweusi laini, limetiwa katika kichupa chenye kijiti chake. Huenda limo usoni mwa mtoto anayesikiliza.

Nipeni mji. Mmenipa Lamu? Nimekwenda Lamu, nimekaribishwa, nimekula wali wa nazi na samaki wa kupaka, nimerudi salama. Jibu ni wanja.

Nisemavyo wanja sina maana ya kila kitu cheusi kipakwacho machoni. Jiwe nililotega huitwa galena na wataalamu, nalo ni muungano wa madini mawili: risasi na salfa. Katika gramu 100 za jiwe hilo, gramu 86 na zaidi ni risasi, risasi ile ile ya betri za magari.

Najua yupo atakayesimama hapa na kuniuliza: Sheikh, na ithmid je? Swali lake ni la haki. Imepokewa katika Abu Daud na Tirmidhi kwamba Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, aliisifu ithmid kwa kung'arisha macho na kuotesha kope. Hilo hatulikanushi. Lakini tusome kwa makini: kilichosifiwa ni ithmid. Na wataalamu wengi wa madini wameieleza ithmid kuwa ni jiwe jingine, la antimoni na salfa, ambalo nalo ni la kijivu, nalo hung'aa, nalo ni laini. Likiwa zima latambulika, kwa kuwa fuwele zake ni ndefu kama sindano, si vijumba, na uzito wake ni mdogo zaidi. Yakisagwa yote mawili, huwa unga mweusi mmoja. Vijumba vimekwisha, sindano zimekwisha, na hakuna jicho la bibi wala la mwenye duka liwezalo kuyapambanua.

Wazee wetu waliuita wanja wa manga, kwa sababu ulitoka Uarabuni. Sasa, watafiti wamekwenda huko huko: wamenunua wanja katika masoko ya Oman, Imarati, Yemen na Misri, wakaupima. Mara nyingi walichokikuta ni galena. Vingine vilikuwa kaboni, yaani masizi. Antimoni ilikuwa nadra. Kwa hiyo mtu husoma ithmid juu ya kichupa, akalipa pesa za ithmid, akampaka mwanawe risasi, naye moyoni ana nia ya kufuata sunna.

(Kwa wapendao asili ya maneno: wanja kwa Kiarabu ni kuhl, unga laini kupita kiasi. Wazungu walilichukua neno hilo pamoja na kitangulizi chake, al-kuhl, likahama kutoka unga hadi roho ya kitu, likaishia kuwa alkoholi. Neno lilitoka machoni likaenda kukaa ndani ya chupa ya kileo.)

Kitendawili hiki kilinijia baada ya darsa ya akina mama, aliponiuliza mmoja aliyejifungua karibuni. Mavyaa wake humpaka mtoto wanja kila jioni, machoni na kwenye nyusi, macho yawe makubwa na husuda imwepuke. Muuguzi wa kliniki amemwambia aache. Mavyaa amesema huyo muuguzi anapinga dini. Binti wa watu amekaa katikati. Akimtii mmoja anamkosea mwingine.

Kwanza, mavyaa asitukanwe. Alifanya alilofanyiwa na mama yake kwa mapenzi. Tena wanja wa kale haukuwa upuuzi: mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa waliandika kwamba chumvi za risasi katika vipodozi vya Wamisri, kwa kiasi kidogo mno, huenda ziliamsha kinga ya mwili dhidi ya maradhi ya macho. Lakini Mmisri huyo hakuwa na njia ya kupima damu ya mtoto wake. Sisi tunayo.

Pili, wapo wasemao kwamba wanja hukaa nje ya jicho tu, hauingii mwilini. Hao nawarudisha kwenye vitabu vya fikihi walivyovisoma chuoni. Wanazuoni waliulizana: mwenye kufunga akitia wanja, akapata ladha yake kooni, saumu yake yabatilika? Kwetu Mashafii haibatiliki, kwa kuwa jicho halihesabiwi kuwa tundu lililo wazi; Wamaliki na Wahanbali wana kauli nyingine ukifika kooni. Hukumu zimetofautiana, lakini tazameni swali lenyewe. Wanazuoni hao walijua karne nyingi zilizopita kwamba kipakwacho jichoni huweza kufika kooni. Madaktari wa leo wanaionyesha njia yake: kuna mfereji mwembamba uchukuao machozi kutoka pembe ya jicho hadi puani, na kutoka puani hushuka kooni. Tena mtoto mchanga hufikicha macho, kisha hutia vidole mdomoni. Hiyo ni njia ya pili, na ni pana zaidi.

Risasi ikishaingia tumboni, mwili wa mtoto mdogo huinyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa ni salama. Huupiga ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hakai na jambo moja, damu humpungua. Mara nyingi hana homa wala upele wa kuonekana, na mzazi akadhani mwanawe ni mtundu au mvivu wa chuo. Na mama naye, risasi aliyojipaka tangu usichanani hujificha katika mifupa yake. Akishika mimba huanza kutoka, ikapita hadi kwa aliye tumboni.

Watu wa Mombasa hawahitaji kusimuliwa sana habari za risasi. Yaliyowafika wakazi wa Owino Uhuru kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu tuliyaona, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Wale walilazimika kuivuta hewa hiyo. Sisi twaununua wanja kwa hiari yetu.

Basi jibu langu kwa binti yule lilikuwa hili. Mtoto mchanga hahitaji kitu machoni. Tena wanja haukufaradhishwa, na jambo la sunna haliwi njia ya kumtia madhara asiyeweza kujisemea. Kumkinga na husuda kuna mlango ulio wazi: Bwana Mtume aliwakinga wajukuu wake, Hasan na Husein, kwa kuwaombea kwa Mwenyezi Mungu. Mavyaa apewe kazi hiyo jioni, badala ya kijiti. Dua ya bibi haina risasi.

Kwa mtu mzima apendaye kujipamba, wanja usiokuwa na orodha ya vilivyomo auache dukani. Na maneno kwamba hauna risasi, yakiwa yametoka mdomoni mwa muuzaji tu, ni kubahatisha vile vile. Haujulikani kwa rangi, kwa harufu wala kwa kuusugua kiganjani. Maabara ndiyo hutambua.

Mtoto aliyekwisha kupakwa kwa miezi asitiwe hofu, wala nyumba isigeuke uwanja wa kulaumiana. Uacheni wanja leo, mtoto aoshwe uso na mikono, kisha apelekwe hospitali mkaulize kipimo cha damu cha risasi; mtajeni wanja kwa daktari waziwazi, kwani asipoambiwa hatakisia. Lishe yenye madini ya chuma na kalisi humsaidia, kwa kuwa mwili wenye njaa ya madini hayo huipokea risasi kwa urahisi zaidi.

Watoto waliosubiri kwa adabu wanastahili kingine, nacho hakina hatari ya macho. Kitendawili! Nimetembea juu ya ziwa sikulowa miguu. Nikabandua kipande cha ziwa hilo, nikakitia chunguni, kunde zikalainika. Jibu wiki ijayo, inshaallah. Miji ya kutoa ni ya pwani tu.