Kabla hujamlaumu mlenga shabaha, uliza risasi

Mwishoni mwa Julai 2024 nilikuwa zamu dawati la michezo, tunapokea matokeo ya Olimpiki ya Paris. Kwenye bunduki mita 50 mikao mitatu, kule Châteauroux, Mhindi Swapnil Kusale alipita mchujo kwa pointi 590 kati ya 600, nafasi ya 7. Kesho yake, Agosti 1, akachukua shaba. Mwenzake wa India, Aishwary Pratap Singh Tomar, alipata 589. Akawa wa 11, na wanaoingia fainali ni wanane tu.

Nikaandika habari fupi. Juu ya Kusale niliweka mambo ya kazi yake ya kukagua tiketi za treni, maana hiyo ndiyo inasomeka. Juu ya Tomar niliandika sentensi moja: "presha ilimzidi." Mhariri akaipitisha, ikachapwa. Hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Wadau, sikujua. Nilibuni tu, kwa sababu sisi waandishi wa michezo tukiona mtu kakosa kwa kidogo, mkono unakimbilia presha wenyewe.

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi risasi ndizo zilizomwangusha Tomar, huo nao ungekuwa ubunifu uleule niliokwisha kuufanya. Ninachosema ni kwamba kuna swali ambalo mwandishi anapaswa kuuliza kabla ya kuingia kichwani mwa mtu, nalo ni: alipiga risasi gani, na alizipataje?

Hebu tuanze na vipimo. Shabaha iko mita 50 mbele. Duara la pointi kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, yaani kitufe cha shati. Kila duara linalofuata ni pana kwa milimita 8. Risasi yenyewe ina unene wa milimita 5.6 na uzito wa gramu 2.6 hivi. Ni ile .22 Long Rifle, iliyotoka Marekani mwaka 1887 na mpaka leo umbo lake halijabadilika kiasi cha kutisha.

Inatoka mtutuni kwa mwendo wa mita 325 hivi kwa sekunde. Katika mita 50 hizo mvuto wa dunia unaishusha sentimita 12 au zaidi kidogo. Hiyo si tatizo, unarekebisha kilengeo na maisha yanaendelea. Tatizo ni pale risasi hii inapotoka na mita 325 na inayofuata inatoka na mita 315. Piga hesabu, zile za kidato cha tano: ya pili inachelewa kufika, inashuka zaidi, na tofauti inafika milimita 7 au 8. Upana wa duara zima! Mkono haukutikisika, pumzi ilikuwa imebanwa vizuri, presha haikuwepo, na kumi imegeuka tisa.

Mtu atasema basi wanunue risasi zenye kasi kubwa. Ndivyo nilivyodhani mimi pia. Kumbe kinyume chake. Zile za kasi, zinazotoka na mita 370 na ushee kwa sekunde, zinaanza juu ya mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 343 hewa ikiwa nyuzi 20. Njiani zinapunguza mwendo na kuvuka mpaka ule, na pale hewa inazisukasuka. Ndiyo maana risasi za mashindano hutengenezwa ziwe polepole makusudi, zikae chini ya sauti tangu mwanzo hadi mwisho.

Na kwa nini zitofautiane wakati zimetoka kiwanda kimoja? Kwenye risasi hizi fataki, ule unga unaowasha baruti, haukai katikati ya kitako cha ganda. Umetandazwa ndani ya ukingo wake kuzunguka, na pini ya bunduki inagonga ukingo. Ukitandazwa hapa mzito na pale mwepesi, baruti inawaka tofauti. Halafu ganda lenyewe likishapigwa limeshapigwa. Wenye bunduki kubwa huokota maganda yao, wakapima baruti nyumbani kwa mizani na kutengeneza risasi wanazozitaka. Mwenye .22 hana njia hiyo, anakula alichopika kiwanda.

Uliza fundi rangi yeyote. Atakwambia nunua ndoo zote siku moja, zenye namba moja, maana ukirudi dukani mwezi ujao ukachukua rangi ileile, kampuni ileile, ukuta utakuwa na mabaka. Risasi ni hivyo hivyo. Kila mkupuo wa kiwandani una namba yake kwenye boksi, na mkupuo huu si sawa na ule hata kama jina na bei ni vilevile.

Hapa ndipo penye utamu, na penye dhuluma pia. Mtutu ukipigwa unatikisika kama fimbo. Risasi inatoka mdomo wa bunduki ukiwa mahali fulani katika mtikisiko huo, na mahali hapo panategemea mwendo wa risasi na mtutu wenyewe. Kwa hiyo mkupuo unaopenda bunduki yangu unaweza kuichukia yako. Boksi la bei mbaya linaweza kushindwa na la bei ya kati. Hakuna anayeweza kukisia kwa kutazama, lazima upime.

Wenye uwezo wanapima. Wanasafiri na bunduki zao hadi Schönebeck, Ujerumani, kwa Lapua, au kwa Eley karibu na Birmingham, Uingereza. Bunduki inabanwa kwenye chuma ili mkono wa binadamu usihusike, inapigishwa mkupuo mmoja baada ya mwingine, mashine inarekodi kila tundu. Ukipatikana mkupuo unaokaa pamoja, wananunua maelfu ya risasi zake wakaweka stoo. (Kichekesho: mwaka 2022 Birmingham hiyohiyo iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na kulenga shabaha hakukuwemo kabisa.)

Najua kuna watakaonitajia Matthew Emmons. Kabla ya Athens 2004 mtu aliiharibu bunduki ya Mmarekani huyo, akaazima ya mwanafunzi mwenzake wa zamani na akachukua dhahabu ya kulala kifudifudi. Si ushahidi kwamba fundi hachagui chombo? Nadhani si ushahidi. Aliazima miezi kadhaa kabla, akapata muda wa kuizoea, na nyuma yake kulikuwa na timu ya Marekani yenye kila kitu. Siku chache baadaye, kwenye mikao mitatu, akiongoza na risasi moja imebaki, alipiga shabaha ya jirani. Sifuri, nafasi ya 8. Hapo kweli hakuna boksi la kulaumiwa, na mimi ningeandika hivyo bila woga. Lakini niko huru kuandika hivyo kwa sababu tunda la kosa lilionekana kwa macho.

Mwingine aliniambia kijiweni dawa ni rahisi: waandaaji wagawe risasi za aina moja kwa wote. Inapendeza masikioni. Lakini ukigawa mkupuo mmoja kwa bunduki themanini umefanya bahati nasibu, maana utakuwa umeibeba mitutu inayoupenda na kuizamisha isiyoupenda. Afadhali fedha za kusaidia nchi maskini zitumike kumpeleka mchezaji na bunduki yake kwenye mashine ya kupimia, miezi kadhaa kabla. Wakuu wetu wa michezo wanajua kukata tiketi na kushona suti za ufunguzi. Bajeti ya kupima risasi sijawahi kuiona ikisomwa.

Mwaka 2012 kule London, Sergei Martynov wa Belarus alipiga risasi 60 akiwa amelala na zote 60 zikaingia kumi. Pointi 600 kati ya 600. Mtu na mtutu na mkupuo vilikuwa vimeelewana.

Ile sentensi yangu ya 2024 bado iko kwenye kumbukumbu za gazeti. Nimeomba irekebishwe, nikaambiwa habari ya zamani kiasi hicho hakuna anayeisoma. Basi nairekebisha hapa: Tomar alipata 589, akawa wa 11. Hayo mengine niliyaongeza mimi.