REZISTANSI SI MCHEZO: AKILI YA MIKONO TUIPELEKE WAPI?



Jambo linalosumbua kiwanja chetu siku hizi ni rezistansi. Kuna vijana ambao wamejifunza katika simu namna ya kutengeneza zile ndogo za sigareti ya batri. Wanazungusha waya nyembamba mara sita ama saba kwenye kijiti cha chuma, wanapima omu, wanapitisha pamba katikati, kisha wanasemaka: «Sisi hatuvuti, tunafanya fizikia.» Wengine wanajibu kwa hasira kwamba kila rezistansi iliyopita mikononi mwa mwanafunzi itupwe, hata ya resho. Mimi naona wote wawili wamekosa njia. Kazi ile ni nzuri, lakini mahali inapopelekwa ni pabaya. Na kuikataza yote ni kutupa mbegu pamoja na makapi.

Kwanza, tusiidharau akili iliyomo. Waya ile si waya ya kila siku. Mwaka 1906 Albert Marsh wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi wa nikromu, yaani nikeli iliyochanganywa na kromu. Baadaye Mswidi Hans von Kantzow akaunda kanthal, ya chuma, kromu na alumini. Waya hizi zinakuwa nyekundu kabisa bila kuharibika upesi. Kwa urefu na unene mmoja, nikromu inauzuia umeme zaidi ya mara 60 kuliko shaba. Kijana anayejua kuchagua waya, kuhesabu urefu wake na kuizungusha sawasawa, huyo ameelewa sheria ya Ohm kuliko mwenye kuikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Lakini tuulize: ile ndogo inatia nini kinywani? Sigareti hiyo ilivumbuliwa mwaka 2003 na Hon Lik, mtu wa dawa wa nchi ya China, aliyetaka kuwasaidia wavutaji wa tumbaku. Haikufanywa kwa ajili ya mtoto wa shule ambaye hajavuta kitu. Maji yake mara nyingi iko na nikotini, na nikotini inafunga mtu kama kamba. Inafunga zaidi kijana, maana ubongo wetu unaendelea kukomaa mpaka karibu miaka 25. Tena mwaka 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Marekani walipima sigareti za batri za watu 56. Katika mvuke wa nyingi walikuta risasi, nikeli, kromu na manganezi. Madini mengine yalitoka katika rezistansi yenyewe! Basi yule anayesema «ni mvuke tu» hajapima kitu.

Na batri je? Ukifanya rezistansi ya omu 0.2 na kuitia kwenye batri ya volti 4.2, gawanya: ni amperi 21. Batri nyingi zinazotolewa katika ordinateri za zamani hazikuumbwa kutoa nguvu namna hiyo. Inapata moto, inavimba, inaweza kupasuka mfukoni ama karibu na uso. Hiyo nayo ni fizikia, ila wanaoitangaza katika simu hawaonyeshi sura hiyo.

Sasa tutazame resho. Hapa Bukavu, umeme wa Ruzizi ukiwepo, mama anapika maharagi bila kununua gunia la makala, na makala mengi yanatoka katika miti ya pori, hata ndani ya Kahuzi-Biega. Rezistansi ya resho ikikatika, jioni ile watu wanalala na chakula kibichi. Kwa hiyo yule anayejua kuitengeneza ni mtu wa lazima katika nyumba, sawa na fundi wa viatu.

Lakini wengi wanaitengeneza kwa kubahatisha tu, na hapo ndipo hatari inapolala. Tuhesabu pamoja. Resho ya wati 1000 kwa volti 220 inataka karibu omu 48, na inakula amperi 4.5. Kwa nikromu ya nusu milimita ni karibu mita 9 za waya. Sehemu ikiungua, mtu anaikata, anaunga, anaendelea. Akikata robo, zimebaki omu 36, na resho sasa inakula amperi 6, wati zaidi ya 1300. Anafurahi: «Inawaka vizuri kuliko zamani!» Kumbe ameipa homa. Itaungua tena upesi, naye atakata tena.

Kuna kosa kubwa kuliko hilo. Jioni watu wote wanapika, umeme unashuka, tuseme volti 160. Resho ya wati 1000 inatoa nusu tu ya moto wake. Mtu anakasirika, anafupisha waya mpaka omu 26 hivi, na sufuria inachemka. Saa tano ya usiku jirani wamezima, volti 220 zinarudi, na ile resho iliyosahauliwa sasa inavuta karibu wati 1900, amperi zaidi ya 8, kwa waya nyembamba iliyounganishwa na karatasi ya plastiki. Nyumba za mbao zinaungua hivyo. Watu wanasema ni bahati mbaya ama ni mchawi. Ni hesabu!

Ndiyo maana sikubali shauri la kukataza tu. Anayekatazwa atatengeneza chini ya kitanda, gizani, bila kipimo na bila mtu wa kumsahihisha. Kitabu cha Kutoka kinatuonyesha kwamba Bezaleli, fundi wa dhahabu, fedha na shaba, alipewa ufundi wake na Roho wa Mungu. Ufundi huo ulikwenda kujenga hema la Mungu, haukutumika ovyo. Mikono yenye akili inataka kazi ya kufanya. Tukiinyima kazi nzuri, itajitafutia nyingine.

Naomba basi mambo matatu. La kwanza, mwalimu wetu wa fizikia atupe saa moja siku ya Jumamosi, na kipimo cha omu kiwe mezani, tujifunze kutengeneza rezistansi ya resho kwa hesabu: waya gani, mita ngapi, amperi ngapi. Dada zetu waalikwe kwanza, maana mara nyingi ni wao wanaokaa mbele ya resho ile. La pili, kila atakayefundishwa ajue desturi hizi: asikate waya na kuunga mara kwa mara, abadilishe nzima; mizunguko isigusane; asifupishe waya kwa sababu ya umeme wa jioni; achomoe prizi mbele ya kusogeza sufuria, kwani waya ile iko wazi na umeme uko ndani yake. La tatu, sigareti ya batri isiingie katika dortwari, na wale wanaojua kuifanya wasifukuzwe, bali wawe wa kwanza kuitwa kwenye meza ya Jumamosi. Wao tayari wanajua kuzungusha.

Nawe ndugu unayesema unafanya fizikia, tunakuamini. Lete koleo yako na waya yako mbele ya watu, mchana. Fizikia ya kweli haiogopi mwalimu, wala haihitaji kujificha nyuma ya choo.

Mwanafunzi wa Sita ya Kisayansi