Orodha ya Daraja la Tatu

Husemwa kila baada ya msiba kwamba ajali haina kinga. Sisi twasema bila ya kificho kwamba neno hilo limekuwa pazia la kufichia uzembe, na wanaofichwa nyuma yake ni wanyonge.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, meli ya Shirika la Reli, ilizama karibu na Mwanza ikitoka Bukoba na Kemondo. Ilikuwa meli ya abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443. Daraja la tatu, wapandamo wakulima, wachuuzi na vibarua, halikuwa na orodha. Kwa hiyo meli ilikuwa imekwisha pita kipimo chake kabla ya maskini hata mmoja kuhesabiwa. Mpaka leo makisio ya waliokufa hutofautiana kwa mamia. Makaburi ya Igoma twayajua. Hesabu kamili hatuijui.

Je, taifa lilijifunza? Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka hatua chache kutoka gati ya Bwisya, kisiwani Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Fundi mmoja wa mashine aliokolewa hai ndani ya kivuko hicho baada ya siku mbili. Orodha ya kweli ingalikataza safari ile isianze. Na baada ya msiba ingaliwaambia waokoaji ni wangapi waliobaki kutafutwa.

Tuitazame na sheria. Sheria ya meli ya Uingereza ya mwaka 1894 ilimweka afisa wa kupokea mabaki ya meli zilizovunjika, ikampa mwenye mali mwaka mzima wa kudai bidhaa zake, na aliyeiokoa mali akapewa haki ya ujira. Hatuibezi sheria hiyo. Lakini gunia la kahawa lilikuwa na hati yake melini, na mwenye gunia alijulikana. Yawaje basi gunia liandikwe na mtu asiandikwe?

Wala kuhesabu watu si elimu ngeni iliyoletwa na mitambo ya siku hizi. Waliosoma Matendo ya Mitume wakumbuka meli iliyovunjika Malta, naye Mtume Paulo yumo akiwa mfungwa. Mwandishi ataja idadi ya waliokuwamo: watu 276, na wote wakafika nchi kavu. Wafungwa walihesabiwa pamoja na askari na nahodha.

Wafanya kazi wa Shinyanga na Geita wasidhani kwamba habari hii ni ya watu wa ziwani peke yao. Mwaka 2015 wachimbaji watano wa Nyangarata, wilayani Kahama, walitolewa hai baada ya kukaa chini ya ardhi siku 41. Duara la dhahabu ni meli iliyogeuzwa kuelekea chini. Likititia, swali la kwanza ni lile lile: wameshuka wangapi? Mwenye duara asiyeweza kujibu hana tofauti na karani wa bandari aliyelipuuza daraja la tatu.

Tangu Juni 2025 Daraja la J. P. Magufuli launganisha Kigongo na Busisi, na msafiri wa Geita hana haja tena ya kungojea kivuko pale. Ni kazi kubwa, nasi twaisifu. Lakini Ukara na Kome havijaungwa na daraja, na mashimo ya Nyarugusu hayana daraja la kuyavuka.

Kwa hiyo twawataka wanachama walio gatini na machimboni wasingoje tume iundwe baada ya mazishi. Waidai orodha kabla ya kamba kufunguliwa, na kabla ya mtu wa kwanza kushuka shimoni. Chombo kikijaa, wakatae kupanda, na amkataaye abiria wa ziada asiitwe mkorofi. Daftari na kalamu havina gharama ya kuishinda nchi hii. Kinachotakiwa ni kukubali kwamba mtu wa daraja la tatu naye ni mtu, naye aandikwe jina lake.