Programu Isisafiri Bila Moduli Zake
Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota Tanzania. Siku kama ile ni vigumu kushusha moduli kutoka mtandaoni, hivyo skripti ya Python iliyoandikwa Kaloleni ili kujumlisha mauzo ya duka haina faida ikipelekwa Usa River peke yake. Kompyuta ya kule itagoma pale tu skripti inapoiita moduli ya pandas, na kutoa ujumbe wa ModuleNotFoundError, kwa kuwa moduli yenyewe imebaki kwenye mashine ya mwandishi. Na pandas nayo ina wenzake: inategemea numpy na python-dateutil, na hiyo python-dateutil inaidai moduli ya six. Dawa ipo na haina gharama yoyote, ndiyo maana inauma kuona inavyopuuzwa. Mwandishi aorodheshe moduli na matoleo yake kwenye faili la requirements.txt, kisha kwa amri ya pip download azishushe zote, na zile zinazotegemewa, aziweke kwenye flashi. Huko ziendako zitasimikwa bila intaneti kabisa, kwa pip install yenye --no-index na --find-links. Hapa umakini unahitajika kweli: faili la numpy lililotengenezwa kwa Windows halifanyi kazi kwenye Linux, na la Python 3.8 hukataliwa na 3.12, kwa hiyo kompyuta ya mteja ichunguzwe mapema. Jaribio lenyewe lifanyike kwenye kompyuta tupu iliyozimwa intaneti, kabla mwenye duka hajakabidhiwa kazi aliyoilipia.