Laki Mbili na Nusu za Mngurumo
Na Mzee wa Spana

Jumamosi iliyopita Mzee wa Spana alimpeleka Bi Kizee gereji. Wasomaji wa siku nyingi hawahitaji kuambiwa kwamba Bi Kizee ni gari lake. Watakachouliza ni kama safari hii alifika mwenyewe au kwa kamba. Kwa kamba.

Chini ya mwembe wa gereji hiyo, huko Tabata, kulikuwa na Toyota IST nyeupe juu ya jeki. Mwenye gari, kijana wa miwani ya jua, alikuwa amechuchumaa pembeni kama baba anayesubiri nje ya wodi ya wazazi. Fundi alikuwa uvunguni na grainda, cheche zinaruka. Mzee wa Spana akauliza gari lina ugonjwa gani.

Kijana akamtazama kwa huruma. "Haliumwi, mzee. Tunaliongezea nguvu."

Nguvu yenyewe ilikuwa hivi: masega yanayochuja moshi yatolewe, mafla ya kiwandani ikatwe, mahali pake likae bomba lenye mdomo mpana kama kikombe cha uji. Kisha boksi la eakilina ling'olewe na ichomekwe filta nyekundu ya umbo la koni. Laki mbili na nusu, ufundi ndani yake. Kwa laki mbili na nusu Bi Kizee angepata rejeta na bado akabaki na chenji ya supu.

Kijana alikuwa na hoja: injini inataka kupumua. Kinachoudhi ni kwamba nusu ya hoja hiyo ni kweli. Injini ni pampu ya hewa. Hii ya IST ya 1.3 ina silinda nne, kila moja sisi (cc) 325 hivi. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, pale inapotoa nguvu zake zote za farasi 87, inaweza kumeza karibu lita 3,900 za hewa kila dakika. Na petroli, ili iungue yote, kila gramu inadai gramu 14.7 hivi za hewa. Anayetaka farasi zaidi aingize hewa zaidi, aipe petroli yake, kisha atafute pa kulipeleka joto.

Filta nyekundu ilifanya kinyume. Boksi la kiwandani huchota hewa kwa mrija kutoka mbele, mbali na joto. Koni ile ilikaa uchi chini ya boneti, ikipumuliana na injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia tisa hivi, kwa hiyo kijana alilipa hela yake ili gari lile kiporo. Mzee wa Spana alijaribu kumweleza. Kijana akatoa simu, akamwonyesha video.

Wanaojua kazi hii hawaanzii kwenye bomba la moshi. Bi Kizee, Starlet aliyechoka, ana ndugu yake wa damu aitwaye Starlet GT Turbo: sisi zile zile 1,331, lakini farasi 135. Toyota hawakumtoboa mafla. Walimfungia tabo ya kusindilia hewa, wakashusha uwiano wa mgandamizo hadi 8.2 kwa 1 ili petroli isijilipukie kabla ya wakati na kuvunja pistoni, wakaweka na kipoza hewa chini ya ile pua ya boneti. John Cooper naye, mtengenezaji wa magari ya mbio, mwaka 1961 alikuza injini ya Mini kutoka sisi 848 hadi 997, akaipa kabureta mbili, na farasi 34 wakawa 55. Halafu akafunga diski za breki mbele. Breki! Mwaka 1964 dereva Paddy Hopkirk akashinda mbio za Monte Carlo kwa ndugu yake Mini hiyo, Cooper S.

Pedi za mbele za IST, kwa macho ya Mzee wa Spana mwenyewe, zilikuwa nyembamba kama biskuti iliyolambwa.

"Na breki je?"

"Breki za nini, mzee? Mimi nataka kukimbia."

Saa kumi jioni gari likawashwa. Kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mtoto akaanza kulia nyumba ya tatu. Kwenye dashibodi ikawaka taa ya cheki injini, kwa kuwa sensa ya nyuma ya masega ilikuwa inanusa moshi usiochujwa. Fundi, mtaalamu, akaibandika kipande cha tepu nyeusi. Kijana akakanyaga mafuta, IST ikanguruma kama lori la mchanga kwenye mlima, ikaondoka kwa mwendo ule ule iliokuja nao. Kwenye kona ikapitwa na bajaji yenye abiria watatu na gunia la mkaa.

Fundi akarudi kwenye benchi lake. Akayachukua yale masega, akayapangusa vumbi kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha Bi Kizee, akayaviringisha kwenye gazeti. Ndani yake mna platini, paladi na rodi, madini ambayo wanunuzi huyafuata gereji kwa gereji. Kijana hakuwa ameyaulizia.

"Hayo unayapeleka wapi?" Mzee wa Spana akauliza.

"Haya? Takataka tu, mzee," fundi akajibu, akayatia kabatini na kufunga kufuli mbili.