MWUZAJI WA DUKANI NAYE AFUNDISHWE

Tarehe 8 Agosti, 2022, katika sherehe za Nane Nane mjini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Mfuko wa DAP wa kilo 50, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 130,000, uliwekewa bei ya shilingi 70,000. Vocha za karatasi za miaka ya nyuma hazikurudi. Mkulima alisajiliwa na kupewa namba. Mwuzaji wa duka la pembejeo akatakiwa kuiingiza namba hiyo kwenye simu na kuisoma alama iliyobandikwa mfukoni.

Tunaunga mkono utaratibu huo, kwa kuwa vocha ziliwahi kuwanufaisha walanguzi. Lakini hatuna budi kuuliza: mwuzaji huyo alifundishwa na nani?

Chukua Madibira, wilayani Mbarali, penye skimu ya umwagiliaji ya mpunga. Mpunga haumngoji mtu. Mbolea ya kukuzia ina wakati wake, na wakati huo ukipita mavuno hupungua. Mwuzaji asiyejua chombo chake husababisha foleni, na bei nafuu haimfai kitu mkulima anayerudi nyumbani mikono mitupu.

Wala jambo hili si la bara peke yake. Mchele wa Mbeya huliwa Unguja na Pemba, na maduka yetu ya visiwani nayo yametakiwa kutoa risiti za kielektroniki. Anayelaumiwa mashine inapokwama ni kijana wa kaunta, ambaye huenda hakuitwa semina. Aliyeitwa ni mwenye duka.

Nchi hii inajua kufundisha umma. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi walikaa vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Walijifunza kwa kutenda.

Kwa hiyo tunazishauri mamlaka zinazohusika, vyama vya ushirika na wenye maduka: wauzaji wafundishwe kabla ya msimu, kwa Kiswahili, kila mmoja akishika chombo kwa mkono wake. Muda wa mafunzo uhesabiwe kuwa ni kazi na ulipwe. Na mkufunzi arudi msimu ukianza, kwani matatizo ya kweli huonekana mteja akiwa mbele ya kaunta.

Serikali ikinunua mashine bila kumwelimisha anayeitumia, itakuwa imefanya nusu ya kazi.